Jinsi ya kuanza kazi ya uchambuzi katika benki ya uwekezaji

Benki ya uwekezaji hufanya kazi kubwa mbili. Ya kwanza ni kuzitafutia kampuni na serikali mtaji kwa kuuza hisa na hatifungani. Ya pili ni kuishauri kampuni inayotaka kununua nyingine, kuuzwa au kuungana na mwenzake. Anayeanzia chini kabisa huitwa mchambuzi, na kazi yake ni kutengeneza majedwali ya hesabu na slaidi ambazo wakubwa wake watazipeleka kwa mteja. Mteja huenda asimwone kamwe, lakini namba anayoisoma kwenye ukurasa wa 14 ni ya mchambuzi huyo. Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, jizoeze tabia moja: kila namba unayoiandika, uweze kuonyesha papo hapo imetoka wapi. Tabia hiyo ndiyo inayokupitisha kwenye usaili, na ndiyo itakayowafanya wakubwa wako wakuamini ukishaingia.

Hakikisha unaomba kazi yenyewe

Marekani ilitenganisha benki za kawaida zinazopokea amana na benki za uwekezaji kwa sheria ya Glass-Steagall ya 1933, na sehemu kubwa ya kizuizi hicho ikafutwa 1999. Leo benki nyingi kubwa zinafanya yote chini ya paa moja, na neno "mchambuzi" linatumika karibu kila kitengo: mikopo, usimamizi wa hatari, uhakiki wa miamala. Soma maelezo ya nafasi mpaka mwisho. Ukikuta ununuzi na muungano wa kampuni, utoaji wa hisa mpya, hatifungani, au timu ya sekta fulani kama nishati au afya, ndipo penyewe. Ukikuta ufuatiliaji wa marejesho ya mikopo, hiyo ni kazi nyingine, na kuhamia upande wa pili baadaye si rahisi.

Ngazi zinafanana karibu kila mahali. Mchambuzi hukaa miaka 2 au 3, juu yake yuko asosieti anayekagua kazi yake, kisha makamu wa rais, ambacho ni cheo tu kwa kuwa benki moja huwa na wengi wao, kisha mkurugenzi, na juu kabisa mkurugenzi mwandamizi anayeleta wateja. Mwenye shahada ya kwanza huanzia uchambuzi. Aliyemaliza shahada ya uzamili ya biashara baada ya kufanya kazi miaka kadhaa kwa kawaida huanzia uasosieti.

Kalenda huwaangusha wengi kuliko hesabu

Mlango mkuu ni mafunzo kazini ya wiki 8 hadi 10, kwa kawaida kati ya Juni na Agosti, mwaka mmoja kabla ya kuhitimu. Benki kubwa huajiri sehemu kubwa ya wachambuzi wapya kutoka kwa hao waliofanya mafunzo, kwa hiyo anayengoja mpaka amalize chuo anagombea nafasi chache zilizobaki. Huko Marekani maombi ya mafunzo hayo hufunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza. Ulaya mara nyingi ni miezi michache ya mwisho wa mwaka unaotangulia. Tena, benki nyingi hazingoji tarehe ya mwisho ndipo zianze kuchambua. Zinasoma maombi kadiri yanavyofika na kujaza nafasi hapo hapo. Ombi zuri lililotumwa siku ya mwisho linaweza kukuta viti vimejaa.

Basi fungua jedwali lenye jina la benki, kitengo, tarehe ya kufunguliwa, tarehe uliyotuma na hatua uliyofikia. Usiweke benki kubwa zinazojulikana peke yake. Kampuni ndogo za ushauri zenye watu 20 au 50 hazina kalenda kali namna hiyo, huajiri zinapopata kazi, na mchambuzi wake mara nyingi huona muamala kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wasifu na barua za kujitambulisha

Wasifu ni ukurasa 1. Anayepitia mamia kwa siku moja hatafungua wa pili. Kila mstari ueleze ulifanya nini, kwa ukubwa gani, na kikatokea nini. "Nilisaidia mambo ya fedha ya chama cha wanafunzi" hauna kitu ndani. "Niliandaa bajeti ya chama chenye wanachama 240, nikailinganisha na matumizi halisi kila mwezi, nikafunga mwaka bila deni" una mambo matatu ya kuulizia. Na wataulizia: msaili mzoefu huchagua mstari mdogo kabisa, ule uliouweka kujazia nafasi, na kuchimba hapo. Usichoweza kukizungumzia kwa dakika 3, kiondoe. Hakikisha pia tarehe zimepangwa kwenye mstari mmoja wima, nukta zinafanana, na jina la benki ni lile lile unalolitumia ombi. Kosa la herufi kwenye wasifu linasomwa kama kosa la namba kwenye slaidi.

Sambamba na maombi, waandikie watu walioko kazini, hasa wachambuzi na maasosieti waliopitia chuo chako au njia inayofanana na yako. Ujumbe usizidi sentensi 5: wewe ni nani, umempataje, kwa nini yeye, unaomba dakika 15 za simu, na nyakati mbili au tatu unazoweza. Usiombe kazi. Uliza timu yake hufanya miamala ya aina gani, mchambuzi hupewa nini mwezi wa kwanza, na yeye alijiandaa vipi kwa usaili. Asipojibu, kumbushia mara moja baada ya wiki, halafu mwache.

Uhasibu kwanza, thamani baadaye

Wengi hukimbilia mbinu za kuthamini kampuni kwa sababu ndizo zinazovutia, kisha wanakwama kwenye swali la uhasibu la dakika ya pili. Anza na taarifa tatu: taarifa ya mapato, mizania na mtiririko wa fedha. Hujazijua mpaka uweze kusema kitu kimoja kikibadilika, vingine vinasogea vipi.

Swali maarufu la usaili ni hili: uchakavu, yaani gharama ya mali za kudumu kupungua thamani kadiri zinavyotumika, ukiongezeka kwa 10, nini hutokea? Chukua kodi ya 30%. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 3, faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hiyo hasi 7, kisha unarudisha 10 kwa sababu uchakavu haukutoa pesa mfukoni. Fedha taslimu inaongezeka 3. Kwenye mizania, fedha imepanda 3 na mali za kudumu zimeshuka 10, jumla ya mali imeshuka 7. Upande wa pili limbikizo la faida limeshuka 7. Pande mbili zimelingana. Lijibu kwa sauti, bila karatasi, mpaka litoke bila kusita. Kisha badilisha: mali ghafi imenunuliwa kwa mkopo, wadaiwa wameongezeka, mtambo umefutwa thamani.

Baada ya hapo elewa tofauti kati ya thamani ya hisa na thamani ya biashara nzima. Kampuni yenye hisa milioni 100 zinazouzwa kwa 25 kila moja ina thamani ya hisa ya milioni 2,500. Kama ina deni la milioni 900 na fedha taslimu milioni 300, thamani ya biashara nzima ni milioni 3,100. Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, ambayo kazini huitwa EBITDA, inalinganishwa na thamani nzima, kwa sababu ni pesa ambayo wakopeshaji bado hawajachukua fungu lao. Faida halisi inalinganishwa na thamani ya hisa, kwa sababu riba imeshalipwa. Kuchanganya hizo mbili ni kosa la kwanza ambalo asosieti hulitafuta.

Njia za kuthamini unazotakiwa kuzimudu ni tatu: kulinganisha na kampuni zinazofanana zilizoko sokoni, kulinganisha na bei zilizolipwa katika miamala iliyopita, na kukadiria pesa itakayozalishwa miaka ijayo kisha kuirudisha kwenye thamani ya leo. Miamala iliyopita kwa kawaida hutoa thamani ya juu kuliko kampuni za sokoni, kwa kuwa mnunuzi hulipia nyongeza ili apate udhibiti.

Njia ya tatu ina mtego unaopaswa kuuona kwa macho yako. Tuseme mwaka wa 5 kampuni inazalisha 100, baada ya hapo inakua 2% kila mwaka, na kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kuirudisha pesa ya baadaye kwenye thamani ya leo, ni 10%. Thamani ya miaka yote inayofuata, ikihesabiwa mwishoni mwa mwaka wa 5, ni 102 gawanya kwa 0.08, yaani 1,275. Shusha kiwango cha punguzo hadi 9%: inakuwa 1,457. Sasa pandisha na ukuaji hadi 3%: 103 gawanya kwa 0.06, karibu 1,717. Kwa kusogeza vitu viwili asilimia moja moja, thamani imepanda zaidi ya theluthi, na fungu hilo mara nyingi ndilo zaidi ya nusu ya thamani yote ya kampuni. Ndiyo sababu jibu la njia hii halitolewi kama namba moja. Hutolewa kama jedwali dogo lenye viwango vya punguzo upande mmoja na ukuaji upande mwingine.

Jenga modeli yako mwenyewe

Kusoma peke yake hakutoshi. Jenga modeli, yaani faili la Excel linalounganisha zile taarifa tatu na kukadiria miaka ijayo. Pakua ripoti ya mwaka ya kampuni moja iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, yenye biashara rahisi kueleweka. Epuka benki na kampuni za bima kwa kuanzia, maana mizania zao zina mpangilio wa peke yake. Fungua Excel tupu. Ingiza miaka 3 iliyopita, kadiria 5 ijayo. Kwa saa 2 kila siku, modeli ya kwanza huweza kuchukua wiki 3 au 4, na ya pili nusu ya muda huo.

Rangi zina maana: bluu ni namba uliyoiandika kwa mkono, nyeusi ni fomula, kijani ni namba inayovutwa kutoka karatasi nyingine ya faili. Kando ya kila namba ya bluu andika ripoti gani na ukurasa gani. Usifiche namba ndani ya fomula. Ukiandika =B5*1.05, mwenzako hataona ile 5% wala hataweza kuibadilisha. Iweke kwenye seli yake na uielekeze huko. Jifunze pia kufanya kazi bila kipanya: F2 kufungua fomula, F4 kufunga rejeleo kwa alama ya dola, Ctrl na [ kwenda kwenye seli zinazolisha fomula, Alt na = kujumlisha.

Chini ya mizania weka mstari wa ukaguzi: jumla ya mali, toa madeni na mtaji. Lazima uwe sifuri kila mwaka. Mara ya kwanza hautakuwa. Usilazimishe ulingane kwa kupachika namba mahali. Itazame ile tofauti yenyewe, maana inasema mengi:

- Ikiwa sawa na namba unayoitambua, kuna kitu umekisahau upande mmoja.
- Igawe kwa 2. Wadaiwa wameongezeka kwa 15 nawe ukaijumlisha kwenye mtiririko wa fedha badala ya kuitoa, tofauti itakuwa 30. Alama iliyogeuka huzaa tofauti mara mbili.
- Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu: 4,510 imeandikwa 4,150, tofauti ni 360.
- Ikianza mwaka wa kwanza wa makadirio na kubaki vile vile, kosa ni la mwaka huo tu. Ikibadilika kila mwaka, fomula yenyewe ina kasoro na umeinakili kwenda mbele.

Kuna tatizo jingine litakalokushangaza: riba inategemea wastani wa deni, deni linategemea fedha iliyobaki, na fedha iliyobaki inategemea riba. Excel italalamika kwamba fomula inajizunguka. Kwa modeli ya kujifunzia, kokotoa riba kwa deni la mwanzo wa mwaka. Kazini utakuta seli ya swichi, 1 au 0, inayokata mzunguko huo kosa likitokea. Bila hiyo, kosa moja huenea modeli nzima na halitoki hata ukirekebisha lilikoanzia.

Usaili

Kwa kawaida huanza na majaribio ya mtandaoni ya hesabu na mantiki, kisha video ambayo unajibu maswali mbele ya kamera bila mtu upande wa pili, kisha siku moja ya usaili kadhaa mfululizo, wa dakika 30 hivi kila mmoja. Andaa maelezo ya njia yako ya maisha ya dakika 2, yasizidi. Andaa pia muamala mmoja wa hivi karibuni: nani alinunua, nani aliuza, bei, bei hiyo ni mara ngapi ya EBITDA, ililipwa kwa fedha au kwa hisa, mnunuzi alitaka nini, na hisa zake zilifanya nini siku ya tangazo. Uwe na maoni yako kama bei ilikuwa ya haki, pamoja na sababu.

Swali usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelifikiria vipi. Kubahatisha kunaonekana kwenye swali linalofuata, na msaili anachojiuliza muda wote ni kama usiku wa manane utamwambia ukweli kuhusu namba zako.

Leseni hutofautiana kwa nchi. Marekani, mtihani wa leseni ya kazi hii, Series 79, unahitaji udhamini wa mwajiri, lakini ule wa utangulizi, SIE, mtu yeyote mwenye miaka 18 anaweza kuufanya mapema, na matokeo yake hudumu miaka 4. Cheti cha CFA cha wachambuzi wa fedha, chenye ngazi 3, kinaheshimika ila si sharti la kuingia. Muda wako wa kwanza uende kwenye modeli.

Miezi ya kwanza kazini

Ukipewa kazi, uliza mambo manne kabla hujaondoka: inahitajika lini, nani ataisoma, iwe faili la aina gani, na kuna ya zamani ya kuanzia? Swali la mwisho huokoa saa nyingi. Marekebisho yakirudi, mara nyingi yakiwa yameandikwa kwa kalamu kwenye kurasa zilizoskaniwa, weka alama kwa kila moja unapolimaliza. Usilokubaliana nalo usiliruke kimya kimya. Liandike kwenye barua pepe na sababu yako. Chapisha kurasa usome kwenye karatasi, kwa sababu jicho huona kwenye karatasi makosa lililoyapita kwenye skrini. Faili zipe namba, v01, v02, na kamwe usiite faili "mwisho".

Makosa yanayorudi kila mara ni machache. Moja ni idadi ya hisa. Kampuni ina haki za kununua hisa milioni 10 kwa bei ya 20, na hisa sokoni ni 25. Wenye haki wakizitumia, kampuni inapata milioni 200, ambazo zinaweza kununua hisa milioni 8 sokoni. Kwa hiyo hisa mpya za kuhesabu ni milioni 2. Wengine huweka 10, wengine husahau kabisa. La pili ni faida ya miezi 12 ya karibuni. Kama mwaka uliopita wote ilikuwa 480, nusu ya kwanza ya mwaka huu 260, na nusu ya kwanza ya mwaka uliopita 230, namba sahihi ni 480 jumlisha 260 toa 230, yaani 510. La tatu ni kuchanganya sarafu, au maelfu na mamilioni, kwenye jedwali moja.

Saa ni nyingi: 70 hadi 80 kwa wiki ni jambo la kawaida, na muamala ukikaribia kufungwa huzidi. Mwaka 2024 benki ya JPMorgan iliweka kikomo cha saa 80 kwa wachambuzi katika hali nyingi, na hilo pekee linaonyesha hali ilivyokuwa. Kinachozileta ni mpangilio wa siku: wakubwa wako kwa wateja mchana, marekebisho yanafika jioni, kazi inatakiwa asubuhi. Huwezi kuubadilisha peke yako, lakini unaweza kusema mapema. Kazi mbili zikigongana, waandikie waliokupa wote wawili kwa pamoja, sema kila moja inahitaji saa ngapi, waamue wao ipi itangulie. Ukilisema saa 8 mchana ni taarifa. Ukilisema saa 5 usiku umewaangusha.

Siri ya mteja haitoki nje hata kwa mume, mke au rafiki wa karibu. Miamala hupewa jina la bandia, na jina hilo ndilo unalolitumia kwenye lifti, kwenye gari la kukodi na kwenye jina la faili. Usinunue wala kuuza hisa zako binafsi bila kibali cha kitengo cha uzingatiaji wa sheria. Kutumia taarifa za ndani ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Zima pia ule msaada wa barua pepe unaokumalizia anwani. Majina mawili yakifanana, faili la mteja mmoja linaweza kumfikia mshindani wake kwa kubonyeza mara moja, na barua iliyotoka hairudi.

Siku moja utagundua kosa baada ya faili kutumwa. Usisubiri mtu aulize, wala usitume faili jipya bila maelezo. Mpigie asosieti, kisha mwandikie mambo manne: kosa lilipo, namba sahihi na ilikotoka, linabadilisha nini, na ukurasa uliorekebishwa. Kwa mfano: "Ukurasa wa 14, mstari wa 3. Nilitumia faida ya mwaka uliopita, 480, badala ya ya miezi 12 ya karibuni, 510 (ripoti ya nusu mwaka, uk. 6). Thamani ya 4,080 inakuwa mara 8.0 ya EBITDA, si 8.5. Wastani wa kundi la kampuni zinazofanana umeshabadilishwa pia, chati ya ukurasa wa 16 haiguswi. Ukurasa uliorekebishwa nimeambatanisha."